Madam Alipouliza Ninakula Wapi

Vijana wangu, mnapopita hapa kwangu Kiminini kuniaga kabla ya kusafiri, maswali yenu huwa yale yale. Ikama, yaani kibali cha kukaa, inatoka baada ya muda gani? Kafili, yule mwajiri anayekudhamini, akiwa mkali utafanyaje? Jua la Riyadh linachoma kweli, au watu wanatia chumvi? Nawajibu ninavyoweza. Lakini nikishawasindikiza hadi barabarani na kurudi kukaa kwenye kiti changu, ndipo nakumbuka kwamba sikuwaambia kitu nilichokijua vizuri kuliko vyote, yaani mahali pa kula.

Msicheke. Dereva wa nyumbani ni mtu wa kungoja. Unampeleka madam hospitali, unangoja. Unampeleka kwa dada yake, unangoja. Unampeleka sokoni kununua kitambaa ambacho hatakinunua, unangoja. Mtu anayengoja hupata njaa, na mwenye njaa katika mji wa ugenini huujua mji ule kwa namna yake mwenyewe. Mimi hadi leo nikifumba macho siuoni mji wa Riyadh kwa yale majengo marefu mnayoyatazama kwenye simu. Naona vumbi la rangi ya chai ya maziwa limening'inia hewani wakati wa alasiri. Nasikia mkate ukipigwa kwenye ukuta wa tanuri, pa, pa, pa, na hapo nakuwa najua niko mtaa gani na kona ipi.

Wiki zangu za kwanza nilikula vibaya sana. Nilikuwa naingia popote penye picha kubwa za kuku zenye taa nyuma yake, kuku wamenona, wanang'aa kama viatu vya askari. Siku moja nilikula mkate wa nyama wa namna hiyo, na asubuhi yake nikampeleka Baba kazini. Baba ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, mzee mkimya mwenye ndevu nyeupe. Tukiwa njiani akazima redio, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Wikisa," akasema, kwa maana walishindwa kabisa kulitamka jina langu, Wekesa, "gari linanguruma?"

"Hapana, Baba. Ni mimi."

Akacheka hadi miwani ikamtoka. Lakini aliniagiza nimtafute Osman.

Osman alikuwa dereva wa nyumba jirani, hapo hapo mtaani kwetu Malaz, mtu wa Sudan, mrefu, mwenye kilemba kikubwa na mwendo wa taratibu kana kwamba ardhi yote ni yake. Alikuwa Riyadh tangu ujana wake. Alinipeleka kwa miguu hadi Shumaisi, mtaa wa zamani ambako wafanyakazi wa kila taifa wamepanga vyumba, na njiani akanisomesha.

"Usitazame picha," akasema. "Picha ina njaa kuliko wewe. Tazama mkate. Mahali pazuri, mkate unatoka tanurini na haupati nafasi ya kupoa. Tazama pia pa kunawia mikono. Kama sabuni ipo na watu wamepanga foleni, ingia. Na ukikuta mtu ana sufuria moja tu, na sufuria ikiisha anafunga duka anaenda kulala, huyo usimwache."

"Na kama sijui kinachopikwa?"

"Kaa karibu na dereva wa teksi. Anachokula yeye, nawe agiza hicho hicho. Dereva wa teksi hana muda wa kujuta."

Siku hiyo alinilisha ful, maharage makubwa yaliyochemka usiku kucha hadi yakalainika, yamemiminiwa mafuta ya ufuta na kupondewa jibini juu, yanaliwa kwa mkate wa tamis, ule mpana kama ungo. Tulikaa kwenye kibaraza, magari yakipita polepole, mtu akiita wateja kwa lugha nisiyoijua. Nilijisikia kama niko ndani ya ndoto ya mtu mwingine, na huyo mwenye ndoto amenipa kiti.

Basi hivyo ndivyo nilivyoanza. Kila nilipopewa kazi ya kungoja, nilitafuta mahali. Nikajua ini la kukaangwa la asubuhi liko upande gani wa Malaz. Nikamjua mzee wa Yemen anayepika mandi, wali na nyama vinavyoivia ndani ya shimo la moto, na nikajua kwamba ukifika baada ya adhuhuri utakuta anaosha sufuria. Nikajua saa za swala, maana enzi zile maduka yote yalifungwa adhana ikiita. Ukichelewa kidogo unakuta mlango umefungwa na tumbo lako liko nje. Ukiwahi, wanakufungia ndani na sahani yako.

Sasa niwaambie habari za Madam, kwa sababu bila yeye haya yote yangekuwa habari za tumbo langu tu.

Madam alikuwa mke wa Baba. Wenyeji walimwita Umm Hatim, mama wa Hatim, kwa jina la mwanawe pekee ambaye alikuwa ameoa na kuhamia Jeddah. Huyo Hatim ndiye aliyekuwa kafili wangu kwenye karatasi. Baba na Madam walipenda sana kutoka kwenda kula. Baba ndiye aliyechagua mahali, ndiye aliyeagiza, na mimi nikingoja kwenye gari niliwaona wakirudi wakitembea bega kwa bega, wameshiba, hawasemi kitu. Ilikuwa inapendeza kuwatazama.

Kisha Baba akafa. Alifia kitandani mwake, mchana, akiwa amelala. Baada ya matanga nyumba ikanyamaza. Madam akawa anakula mkate mkavu na maziwa ya mgando, tena kidogo, tena akiwa amesimama jikoni. Abaya yake ikaanza kumpwaya mabegani. Daktari akasema hana ugonjwa wowote. Hatim akaja kutoka Jeddah, akakaa sebuleni siku nzima na simu mkononi, na kabla ya kuondoka akaniita nje.

"Mama akiendelea hivi nitafunga nyumba hii," akasema. "Atakuja kukaa nasi. Wewe nitakutafutia tiketi ya kurudi kwenu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, bosi."

Nilikuwa na watoto shuleni. Lakini nawaambia ukweli, jambo lililonikosesha raha zaidi halikuwa tiketi. Nilikuwa namtazama yule mama kwenye kioo cha gari, kila siku amepungua kidogo, kama sabuni.

Siku moja, wakati wa alasiri, nilikuwa nimempeleka kwa dada yake na nikatumia muda wa kungoja kwenda Shumaisi. Alipopanda gari akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Wikisa, kuna harufu gani humu?"

Nikashtuka. "Samahani, Madam. Ni ful. Nimekula nikarudi haraka, sikufungua madirisha."

"Unakula wapi?"

"Shumaisi, Madam. Ni mahali pa wafanyakazi."

Tukapita taa moja, tukapita nyingine. Kisha akasema, "Niambie ilivyokuwa."

Kiarabu changu kilikuwa cha kuokoteza, maneno ya barabarani na ya gereji. Lakini nilimweleza. Nilimweleza jinsi mpishi anavyoyaponda maharage kwa kitako cha kikombe, jinsi mafuta yanavyokaa juu na kung'aa, jinsi mkate unavyoungua kidogo pembeni. Nilipomaliza tulikuwa tumefika mlangoni kwake, nami nikashuka kumfungulia. Hakushuka.

"Nipeleke," akasema.

Mahali pale hapakuwa na upande wa wanawake. Kwa hiyo niliegesha gari chini ya mti mmoja mkavu, nikaenda, nikarudi na sahani ya bati, kijiko, na mkate uliofungwa kwenye gazeti. Akala akiwa kwenye kiti cha nyuma, dirisha limeteremshwa nusu. Mimi nilisimama nje nikitazama upande mwingine, kama adabu inavyotaka. Nilisikia kijiko kikigonga bati. Baadaye nikasikia kimegonga chini kabisa ya sahani. Nilipopokea ile sahani ilikuwa tupu, hata mafuta alikuwa ameyafuta kwa mkate.

"Mwambie aliyepika Mungu ambariki mikono," akasema. Kisha, tukiwa tunarudi, akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Unajua, Wikisa, marehemu ndiye aliyeniagizia chakula tangu niolewe. Alijua mahali pote. Nami nilikula alichoagiza, nikafurahi. Sasa amekwenda, nakaa mezani najiuliza napenda nini. Sijui. Mwanamke mzima, nina wajukuu, na sijui ninachopenda kula."

Nikamwambia, "Tunaweza kutafuta, Madam."

Ndiyo ikawa desturi yetu. Siku ambazo hakuwa na wageni, alasiri ikishaswaliwa, alikuwa anatoka na kusema "Yalla, Wikisa," yaani twende, nami nilikuwa nimeshachagua. Palipokuwa na upande wa familia aliingia, mimi nikaingia upande wa wanaume, na kati yetu ukuta wa mbao. Pasipokuwa na upande wake, alikula garini. Aliniambia baada ya kila mlo anachofikiri, na alikuwa mkali. Wali wa mahali fulani ulikuwa na maji. Supu ya mahali fulani ilikuwa ya mtu mvivu. Na siku moja, tumetoka mahali ambapo mji mzima unapasifu, aliniinamia kutoka nyuma, akasema kwa sauti ya mtu aliyegundua siri ya ukoo.

"Wikisa. Sipendi kabsa."

Sasa nyinyi hamjui uzito wa maneno hayo. Kabsa ni wali wao na nyama yao, ndicho chakula chao cha harusi, cha msiba, cha Ijumaa na cha mgeni. Ni kama mama yangu hapa Kiminini aamke aseme hapendi ugali. Nilimtazama kwenye kioo, naye alikuwa ananitazama, na macho yake juu ya ile nikabu yalikuwa yanacheka.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Mafi mushkila, Madam, hakuna shida. Sitasema." Na sijasema hadi leo.

Kuna alasiri moja ambayo hunijia mara nyingi. Siku hiyo tulitoka mapema, kabla ya swala; tulikuwa mahali pa Wasyria, karibu na barabara kubwa ya Malaz, adhana ikatukuta ndani. Wakateremsha mlango wa chuma hadi chini, wakazima taa za mbele, wanaume wakatandika mikeka nyuma ya kaunta wakaswali. Mimi ni Mkristo, nilibaki mezani kwangu kimya. Mwanga uliingia kwa mistari myembamba kupitia mlango, vumbi likielea ndani yake. Friji ilikuwa inavuma. Sauti za swala zilipanda na kushuka kama mtu anayepumua usingizini. Nilikuwa sijui ni mwaka gani wala niko nchi gani, na sikutaka kujua. Mara nikasikia sauti ya Madam, ambaye angeswali akirudi nyumbani, kutoka ng'ambo ya ukuta wa mbao.

"Wikisa, umeagiza nini?"

"Ini, Madam."

"Ni zuri?"

"Zuri. Ila limezidi ndimu."

"Mimi nimeagiza maharage mabichi. Agiza na wewe siku nyingine." Nikasikia kijiko chake kikigusa sahani. "Hapa tuliwahi kuja na marehemu. Aliniagizia kuku."

Hatukusema tena hadi mlango ulipopandishwa na mwanga wote ukamwagika ndani. Lakini tangu siku ile alianza kuongea habari za Baba bila kulia, na ile abaya ikaanza kumkaa mwilini tena. Hatim alipokuja kumwona alishangaa, akarudi Jeddah bila kutaja tiketi.

Kisha ikaja ruhusa ya wanawake kuendesha magari. Osman alinikuta naosha gari, akasimama na kilemba chake.

"Madam wako anauliza habari za kujifunza gari. Nimesikia kwa mpishi wetu."

"Ni kweli. Ameshajiandikisha."

"Basi usimsaidie. Akijua gari, wewe utakuwa na kazi gani? Unajichimbia kaburi na jembe unaliosha mwenyewe."

Nililifikiria neno lake. Lakini mngemwona Madam alipotoka kwenye somo lake la kwanza, ameshika begi kifuani kama msichana wa darasa la kwanza, msingeweza kumnyima chochote. Alisomea shuleni, na akishatoka shuleni alitaka mazoezi. Nikahamia kiti cha mbele cha abiria. Mara ya kwanza nilikuwa nakanyaga breki ambayo haipo. Kwa kuwa hakupenda kuendesha bila sababu, kila zoezi lilikuwa na mahali pa kula mwisho wake. Kurudi nyuma na kuegesha alijifunzia kwa yule mzee wa Yemen wa mandi. Siku hiyo alirudi nyuma vizuri, vizuri, vizuri, kisha tukasikia kishindo. Alikuwa amegonga viti vya plastiki vilivyopangwa mbele ya duka, vimesambaa njia nzima.

Yule mzee akatoka na mwiko mkononi. Akatazama viti. Akamtazama mwanamke kwenye usukani. Nilikuwa tayari nimefungua mlango nikaombe radhi.

"Mama," akasema, "tunakukaribisha, lakini si lazima ukaribie hivyo."

Madam alicheka hadi akaweka paji la uso kwenye usukani, honi ikalia, naye akazidi kucheka. Tulikula bila kulipishwa hata maji.

Na zile kuta za mbao nazo zikaanza kutoweka. Tulifika mahali petu siku moja tukakuta seremala ameshaubomoa ukuta, sakafuni umebaki mstari wa rangi tofauti. Nilisimama nikiwa sijui niende wapi. Nikachagua meza ya pembeni kabisa, karibu na choo. Madam akaketi kwenye ya dirishani. Mhudumu akatazama huku na kule, hajui kama tumekuja pamoja. Mwishowe Madam akaniita kwa mkono, akanionyesha meza iliyo jirani na yake. Tukala hivyo, kila mtu kwenye meza yake, tumeelekeana, tunapitishiana achari. Sikuzoea. Nilikuwa nimemlisha miaka na miaka, na sikuwahi kuona jinsi anavyokula: polepole, amefumba macho tonge la kwanza.

Habari zikamfikia Hatim. Sijui nani alisema. Akampigia mama yake simu, na sauti yake ilisikika hadi jikoni. Mama anaendesha gari mwenyewe kwa umri ule? Mama anakula vibandani Shumaisi na dereva? Halas, akasema, imetosha. Aje Jeddah kwa mapumziko. Madam akakata simu.

"Akishaniweka kule hataniachia," akaniambia. "Atakuwa na maneno matamu, na nyumba hii itafungwa."

"Tusiende, Madam."

"Ni mwanangu. Tutakwenda. Lakini tutakwenda kwa gari."

Njia ile ya Riyadh kwenda Jeddah, mkiipata siku moja, msilale. Jangwa linabadilika rangi taratibu, kutoka ya majivu hadi ya mdalasini, na milima inachomoza mbali kama watu wanaotembea pamoja nawe. Tulipokezana usukani. Kwenye kituo cha mafuta kilicho peke yake kabisa tulikula mayai na nyanya kwenye kikaango kile kile kilichopikiwa, tukanywa chai kwenye vikombe vya karatasi, upepo ukijaribu kutunyang'anya mkate. Tulipofika karibu na Makka tukashika ile barabara ya kuzungukia nje, kwa ajili yangu mimi nisiye Mwislamu. Nilimwomba radhi kwa kumzungusha. Akasema, "Nitakwenda siku yangu. Leo niko na wewe." Kisha hewa ikawa nzito na yenye chumvi, tukajua tumeikaribia bahari.

Nyumba ya Hatim ilikuwa nzuri, baridi, na kimya kama ile ya Malaz baada ya matanga. Chakula kililetwa na vijana wa pikipiki kwenye mifuko. Kilipangwa mezani, vifuniko vikafunguliwa nusu, kikaondolewa. Hatim alikuwa amekonda. Alikuwa mtu wa simu, wa mikutano, wa kutembea huku anaongea. Alimwambia mama yake maneno matamu kama alivyotabiri, na mimi akaniambia nipumzike, kuna jambo tutaongea wiki ijayo. Nikajua ni jambo gani.

Ijumaa nikaomba ruhusa niende Karantina. Huko ni kusini mwa Jeddah, mtaa wa watu wasio na kitu, na kwa hiyo Wakenya tupo: madereva, walinzi, vibarua, na dada zetu wa kazi za nyumbani wale wachache waliobahatika kupewa siku ya mapumziko.

"Mnakula nini huko?" Madam akauliza.

"Kuna mama wa kwetu anayepika, Madam. Chakula cha nyumbani."

Alinyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

"Madam, Karantina si mahali pa..."

"Wikisa. Nimekula kila mahali unapokula isipokuwa hapo."

Basi aliendesha yeye, nami nikamwonyesha njia. Barabara zilizidi kuwa nyembamba, nguo zikining'inia juu, hewa ya bahari ikichanganyika na ya mitaro. Chumba chenyewe kilikuwa chini ya jengo la zamani, pazia mlangoni, mikeka ndani, na sufuria zinafuka mvuke. Mpishi alikuwa Mama Saumu, mwanamke wa Likoni aliyefanya kazi za nyumbani hadi mgongo ukakataa. Tulipoingia, wote waliokuwemo wakasimama. Mwanamke wa Kisaudi mlangoni! Wengine walianza kutazama dirisha. Mama Saumu peke yake hakutikisika. Alimwambia kwa Kiarabu safi cha Jeddah, kama angemwambia mtu yeyote, "Viatu hapo, bibi. Maji ya kunawa yale pale. Leo kuna samaki wa kupaka."

Madam akavua viatu, akanawa, akakaa mkekani. Watu wakakaa mmoja mmoja. Nilimmegea ugali, nikamwonyesha unavyofinyangwa. Akaweka mdomoni. Akatafuna. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama.

"Wikisa, hiki hakina ladha."

"Ndiyo, Madam."

"Hata chumvi?"

"Hata chumvi."

"Na unakipenda?"

"Sana."

Akautua ule ugali pembeni kwa heshima, kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe. "Mimi sikipendi," akasema waziwazi, na Mama Saumu akaangua kicheko, wote wakafuata. Lakini alipoonja samaki, ule wa kuchomwa na kupakwa nazi nzito yenye ndimu na pilipili, alifumba macho. Hakuyafumbua hadi tonge la pili. Akamwita Mama Saumu akae karibu yake, wakaongea habari za nazi, za waume, za migongo, hadi jua lilipoanza kulainika kwenye pazia.

Tuliporudi, Hatim alikuwa amesimama getini. Alikuwa ametafuta gari, akapiga simu, hakujibiwa. Aliuona udongo kwenye magurudumu, akanusa moshi wa samaki kwenye nguo zetu.

"Mlikuwa wapi?"

"Karantina," Madam akasema.

Uso wake ukabadilika. Hakumgeukia mama yake, alinigeukia mimi. "Umempeleka mama yangu Karantina? Kufunga mizigo yako ni leo, Wikisa. Si wiki ijayo. Leo!"

Nilishusha macho. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria sanduku langu liko wapi. Ndipo Madam akashuka upande wa dereva, akafunga mlango, akatikisa ufunguo mkononi.

"Hakunipeleka," akasema. "Nimeendesha mimi. Yeye alikuwa abiria."

Hatim akatazama ufunguo. Akamtazama mama yake, mashavu yamejaa, kidole kina rangi ya manjano ya bizari. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alimtazama tangu tufike.

"Tangu baba yako afe," Madam akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, "wewe umekula nini, Hatim?"

Alisimama pale getini, mwanaume mkubwa, simu yake inalia mkononi, na hakuipokea.

Tiketi haikukatwa. Mimi na Madam tulirudi Malaz, nikakaa naye hadi magoti yangu yalipokataa ngazi na nikaomba mwenyewe kurudi nyumbani. Lakini kabla hatujaondoka Jeddah kulikuwa na Ijumaa moja zaidi, na hiyo ndiyo ninayoiota.

Madam kwenye usukani, mimi pembeni yake nikionyesha kona, na Hatim nyuma, anatazama nje mitaa ya nchi aliyozaliwa ambayo hajawahi kuipita. Bahari ilikuwa inaonekana kwa vipande katikati ya majengo, nyeupe kwa jua. Mama Saumu hakushangaa safari hii. Alionyesha viatu, akaonyesha maji. Hatim akanawa mikono yake taratibu, akakaa mkekani kati ya mlinzi wa Bungoma na fundi wa Machakos, magoti yake hayajui yaende wapi. Akaletewa samaki. Alimtazama kitambo. Kisha akala, kwanza kwa ncha za vidole, halafu kwa mkono mzima, halafu bila kuinua kichwa, nazi ikimchafua ndevu, na hakuna aliyemsemesha.

Alipofika kwenye mifupa akatulia.

"Baba angekula wawili," akasema, bila kumtazama mtu.

Madam akaivuta sahani yake, ambayo alikuwa hajaigusa, akaisukuma polepole juu ya mkeka hadi mbele ya mwanawe.

"Basi kula wa kwake," akasema.

Naye akala.